Milango Mitano ya Lugano

Mshale wa mzani ulipita pale nilipozoea kuuona ukisimama,
ukatetemeka kidogo, kama mtu aliyepitiliza kituo,
ukatulia.
Muuguzi Sekela hakunipigia kelele.
Akampima na urefu, akatia nukta kwenye kadi,
juu ya njia ya kijani,
mahali ambapo karatasi ilikuwa bado nyeupe.
"Lugano anakula nini kwa siku?"
Nikajibu kama mama mwenye hesabu zake:
uji asubuhi, ndizi mchana, ugali kidogo jioni.
Akayatazama mashavu ya mtoto.
"Na kwingine?"

Kwingine?

Usiku mvua ya Tukuyu ilipiga bati
bila haraka, kama mlinzi mwenye zamu ya kutwa.
Kulipokucha nikamwacha atoke,
nikamfuata kwa nyuma, mpelelezi wa kanga moja,
ukungu ukinificha kati ya migomba.

Mlango wa kwanza, shangazi yake Bupe.
"Umekula, baba?" "Bado."
Na uji wangu haujakauka kidevuni!
Akapewa kiazi cha moto, akawa anakihamisha
mkono huu, mkono huu.
Wa pili, Mama Ambakisye: andazi, na chai
yenye sukari ya kusimamisha kijiko.
Wa tatu, dukani kwa Mwaisumo: biskuti mbili za bure,
"za mteja wangu wa kesho."
Wa nne sikuujua. Wapangaji wapya,
wachuma chai, wa Ileje sijui wa Makete,
hata majina yao sijayashika,
wamezunguka sufuria ya kande,
wakasogea, wakampa nafasi
kama ndugu aliyechelewa.
Nilitaka kucheka. Nilitaka kumchapa.
Miaka minne tu, na keshajua
kwamba "bado" ni ufunguo.

Wa tano ni wa mama mkwe, Bibi Tusekile.
Hapo hakuulizwa kitu. Lilikuwepo bakuli
la maziwa mgando, limefunikwa kwa sahani.
Nikajitokeza.
"Mama, huyu ameshakula mara tano
na jua halijatoka."
Hakushtuka. Akamvuta Lugano mapajani,
akamfinya paja pale nyama inapojikunja.
"Wewe umeona kadi," akasema.
"Mimi nilimbeba Asajile, kaka wa mumeo,
mwaka ambao kifua changu kilikauka.
Mzani wangu ulikuwa hii mikono.
Kila siku mwepesi kuliko jana,
mpaka asubuhi moja nikamfunga mgongoni
nikahisi nimefunga nguo tu.
Usiniambie mtoto mzito anaumwa."

Sikumwambia.
Ningesema nini? Kwamba hiki kilima cha kwetu, kifupi hiki,
Lugano siku hizi hukipanda akisimama mara tatu,
mdomo wazi?
Kwamba usiku anakoroma kama mzee?
Kwamba wenzake wakikimbiza tairi
yeye huwa mwamuzi?
Nilisema hilo la mwamuzi tu.
Bibi akakaa kimya. Kuku akapita, akarudi.
"Mwamuzi," akasema. "Wa miaka minne."

Hatukuamua kitu siku ile, nisikudanganye.
Milango haikufungwa, wala nisingethubutu kuomba ifungwe;
ndiyo hiyo hiyo iliyonipokea
nilipofika hapa na begi moja na mimba ya miezi saba.
Kwa Bupe nimepita, kwa Mama Ambakisye nimepita,
mmoja amenielewa, mmoja amenuna.
Mwaisumo bado anagawa biskuti.

Ila juzi nilimkuta Bibi bustanini,
kamkabidhi Lugano kopo la kumwagilia kabichi,
tuta hadi tuta, kisimani na kurudi,
na yeye amekaa juu ya kinu, anahesabu safari kwa sauti,
akikosea makusudi ili asahihishwe.
Walipomaliza, bakuli lilikuwepo,
dogo kuliko lile la zamani.
Lugano, matope mpaka magotini,
kabla hajashika kijiko akamtazama.
"Bibi, umekula?"
Ajuza yule, niliyemwona kwa macho yangu
akifuta sahani kwa kidole saa ile ile iliyopita,
akafikiri kidogo.
"Bado," akasema.
Wakagawana.